Shahidi au Mdaiwa? Mjadala juu ya Kumbukumbu za Wajerumani wa Kawaida

Kadhia iliyomo katika mjadala huu ni ya watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya tarikhi: makarani wa posta, wake wa makuli wa bandari ya Hamburg, waalimu wa skuli za shamba, maseremala, na watoto waliovishwa sare za vijana wa chama cha Nazi kabla hawajabaleghe, watu walioishi Ujerumani tangu Januari 30, 1933, siku aliyofanywa Adolf Hitler kuwa Kansela, hata Mei 8, 1945, siku yalipokoma mapigano katika Ulaya, na ambao baadaye, katika uzee wao, waliwasimulia wajukuu na waandishi mambo waliyoyaona. Simulizi hizo ni nyingi, na aghalabu zafuata njia moja: ufukara wa mwanzo, kisha kazi na gwaride na nyimbo, kisha vita, mabomu, njaa na ukimbizi, na mtu akiuliza habari za Mayahudi, jibu huwa fupi, kwamba hatukujua. Je, maneno hayo tuyapokee kama ushahidi wa watu waliodhulumiwa, au kama utetezi wa mdaiwa mbele ya kadhi?

Hoja za kadhia hii nimezitia katika vinywa vya wasemaji watatu: Maalim Haji, aliyesomesha tarikhi hata akastaafu, Bi Zuhura, binti wa dada yake, ambaye ni mwanasheria, na Sheikh Nassor, mwenye baraza, ambaye hunena machache. Wasemaji ni wa kubuni, lakini matukio wanayoyataja yalitokea. Nami ninao upande wangu katika shauri hili, wala sitauficha.

MAALIM HAJI: Mpwa wangu, mtu asihukumiwe kabla haijajulikana hali iliyomzunguka. Taifa lile lilikwisha kuziona fedha zake zikigeuka karatasi tupu mwaka 1923, hata mshahara wa asubuhi usitoshe kununua mkate wa jioni. Na ilipofika mwanzo wa 1933 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Akaja mtu akaahidi kazi, na kazi zikapatikana, ijapokuwa nyingi zilikuwa za kuunda silaha. Ikauzwa redio ya rahisi kwa marki 76, ili sauti ya serikali iingie katika kila chumba. Na pamoja na neema hiyo ikaja hofu. Bunge lilichomwa moto Februari 27, na siku ya pili yake uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kuandika ukafutwa kwa amri moja. Machi ikafunguliwa kambi ya Dachau. Machi 23 likaitishwa Bunge kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria peke yake, na waliothubutu kupiga kura ya kukataa walikuwa wajumbe 94 wa chama cha Social Democrats, kwani Wakomunisti walikwisha kutiwa gerezani au kukimbia. Baada ya hapo raia afanye nini? Vita vilipoanza, hata kusikiliza redio ya nchi nyingine kulikuwa jinai. Mama akitaka kunena na mumewe wakati wa chakula cha usiku hutazama kwanza kama mtoto amelala, maana mtoto huenda akayasema skuli. Wewe umezaliwa katika nchi ambayo waweza kumsema mkuu wa wilaya ukarudi kwako salama; usiwe mwepesi wa kumtoza ushujaa mtu aliyeishi namna ile.

BI ZUHURA: Shikamoo yangu umekwisha kuipokea, Mjomba, basi niruhusu nikupinge kwa adabu. Hofu unayoitaja ilikuwako, lakini haikuwapata wote kwa kadiri moja. Yuko mwandishi wa Marekani, Milton Mayer, ambaye baada ya vita alikwenda kukaa katika mji mdogo wa Hesse, akafanya urafiki na wanaume kumi waliokuwa wanachama wa Nazi, watu wa chini tu: mshona nguo, seremala, mwokaji mikate, polisi, mwalimu na wengine wa namna hiyo, wala hakuwaambia kuwa yeye ni Myahudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1955. Watu wale hawakumsimulia hofu. Walimsimulia kwamba miaka ile ya kabla ya vita ilikuwa miaka mizuri kuliko yote waliyoipata maishani. Hofu ilikuwa fungu la Myahudi, la Mkomunisti, la Msinti na Mroma, la mgonjwa wa akili. Kwa jirani yao ilikuwa amani na mshahara. Na polisi wa siri unaowatia katika hoja yako, hao Gestapo, walikuwa wachache kuliko watu wanavyodhani; waliishi kwa habari walizoletewa na majirani, na mara nyingi sababu ya kuletewa ilikuwa ugomvi wa nyumba au wivu wa duka. Basi huyo mtoto anayeogopewa na mama yake, Mjomba, ni nani aliyemfundisha?

MAALIM HAJI: Serikali.

BI ZUHURA: Na mwalimu wake, na jirani yake, na kiongozi wa vijana wa mtaa wake, ambaye alikuwa mtoto wa mwokaji mikate. Serikali haikai hewani. Sasa tazama yale yaliyofanywa mchana kweupe. Aprili 1, 1933, askari wa chama walisimama milangoni mwa maduka ya Mayahudi kuzuia wanunuzi. Mei 10 vitabu vilichomwa katika viwanja vya miji, na waliovichoma walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg, zilizomtoa Myahudi katika uraia na kumharimishia ndoa na Mjerumani, zilipigwa chapa magazetini. Novemba 9 na 10, 1938, masinagogi zaidi ya elfu moja yaliteketezwa au kubomolewa, na wazima moto walisimama kulinda nyumba za jirani tu. Wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa, wakapitishwa njiani mbele ya watu, wakapelekwa kambini. Septemba 1941 Mayahudi waliamrishwa kushona nyota ya rangi ya manjano kifuani. Oktoba 18 mwaka huohuo gari moshi la kwanza la kuwahamisha Mayahudi wa Berlin liliondoka katika stesheni ya Grunewald, nao walikwisha kupitishwa katika mitaa ya mji. Na baada ya kuondoka kwao, mali zao zilinadiwa. Nasema zilinadiwa, Mjomba: meza, vitanda, mashuka, vyombo vya jikoni, makoti ya watoto. Huko Hamburg zilinadiwa pia mali zilizoletwa kwa meli na reli kutoka nyumba za Mayahudi wa nchi za magharibi zilizotekwa, na wanunuzi walikuwa maelfu ya watu wa kawaida. Mtu anunuaye kabati lenye nguo za mtu mwingine ndani yake, na mwenyewe hayupo wala hatarajiwi kurudi, aweza kusema hakujua yaliyotokea katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Lakini hawezi kusema hakujua lolote.

Hapa napenda kusema, mimi mwandishi, kwamba hoja ya mnada ndiyo iliyonizindua, kwa kuwa yahusu watu ambao hawakuwa na chuki kubwa wala imani kubwa ya chama, walihitaji kabati. Maalim alinyamaza kidogo, lakini hakushindwa.

MAALIM HAJI: Umeitaja Hamburg, basi na tubaki Hamburg. Mwishoni mwa Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliushambulia mji ule siku nyingi, usiku na mchana, na usiku mmoja moto uliungana ukawa tufani inayovuta hewa kwa nguvu hata ikawazoa watu. Lami ya barabara ikayeyuka, na waliojificha katika mahandaki wakafa kwa kukosa pumzi. Waliokufa katika mashambulizi yale hawakupungua 30,000. Baadhi yao bila shaka ndio walionunua meza zile, wakateketea pamoja nazo. Lakini mtoto wa miaka minne aliyekuwa amelala juu ya shuka iliyonunuliwa mnadani, yeye alinunua nini? Kisha nenda mashariki. Mwanzo wa 1945, katika baridi kali, watu wa Prussia ya Mashariki na Silesia walitoka na mikokoteni, na wengi walikufa njiani. Januari 30 meli iitwayo Wilhelm Gustloff ilizamishwa katika bahari ya Baltiki imejaa wakimbizi, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake na watoto. Kwa jumla waliokimbia au kufukuzwa katika makwao walikuwa milioni kumi na mbili hivi. Na wanawake wa Berlin, Zuhura, wewe u mwanamke na wajua ninalolisema: majeshi ya Urusi yalipoingia, wanawake wasiohesabika walinajisiwa. Mmoja wao aliandika shajara tangu Aprili 20, 1945, bila kutia jina lake, kwa ulimi wa ukweli usiojihurumia. Ilipochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1959 alitukanwa kwamba ameaibisha wanawake wa taifa, naye akakataa isichapishwe tena maadamu yu hai. Watu hawa walinyamazishwa na majirani zao wenyewe. Nawe wataka tuwanyamazishe mara ya pili kwa kuwaita wadaiwa?

BI ZUHURA: La, hasha! Mwanamke yule ningempa kiti cha mbele katika mahakama yoyote, kwa sababu hakujitetea. Aliandika aliyoyaona na aliyoyatenda, siku kwa siku, kabla hajajua dunia itataka kusikia nini. Mimi sizuii maombolezo. Ninalolipinga ni simulizi inayoanzia pale mabomu yalipoanza kuanguka, kana kwamba ndege zile zilitokea mawinguni bila sababu, na Warszawa, Rotterdam na Coventry hazikupata kushambuliwa kwanza na Wajerumani. Nikupe mfano wa usiku mmoja uliokuwa na kumbukumbu mbili. Dresden ilipigwa mabomu usiku wa Februari 13, 1945, wakafa watu wapatao 25,000. Alikuwamo katika mji huo Victor Klemperer, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu, Myahudi kwa uzawa, ambaye alinusurika muda wote kwa kuwa mkewe Eva hakuwa Myahudi na alikataa kumwacha. Klemperer alikuwa akiandika shajara kila siku, na karatasi zake zilipelekwa kufichwa kwa rafiki. Mchana wa siku ileile ya Februari 13 alitumwa kupeleka barua kwa Mayahudi wachache waliosalia, kuwaamuru wajihudhurishe kwa safari, na kila aliyepokea barua alifahamu kuwa ni safari ya kifo. Usiku moto ukashuka. Katika ghasia zile Eva aliikata ile nyota katika koti la mumewe kwa kisu kidogo, nao wakatoroka pamoja na halaiki ya wakimbizi hata Bavaria. Shajara zake zilichapishwa mwaka 1995. Basi moto uliowaua Wajerumani wale ndio uliomwokoa mwenzao. Asimuliaye habari za Dresden na akaiacha barua ile, hajasema uongo, lakini ameificha nusu ya usiku.

SHEIKH NASSOR: Mmenena vyema nyote wawili. Lakini naona tumezunguka jambo ambalo ndilo shina la shauri. Je, raia asiye na cheo, asiyekuwa profesa wala Myahudi, aliweza kujua?

BI ZUHURA: Aliweza, Sheikh, na dalili yake imeandikwa kwa mkono. Katika mji mdogo wa Laubach alikuwako mtumishi wa mahakama, jina lake Friedrich Kellner, aliyekuwa zamani katika chama cha Social Democrats. Hakuwa na jasusi wala redio ya ajabu. Alikuwa na magazeti ya serikali, mkasi, gundi na masikio. Tangu siku ilipoanza vita alibandika vipande vya magazeti katika daftari na kuandika pembeni yake uongo uliomo. Oktoba 28, 1941, aliandika kwamba askari aliyekuwa likizoni ameeleza jinsi alivyoshuhudia huko Poland Mayahudi, wanaume kwa wanawake, wakipangwa mbele ya shimo refu wakapigwa risasi visogoni. Yaliyomfikia mtumishi wa mahakama wa Laubach yaliwafikia wengi. Askari wa likizo walikuwa katika kila kijiji.

MAALIM HAJI: Haya, nakubali kwamba kujua kuliwezekana. Hata Rais Richard von Weizsäcker wa Ujerumani Magharibi, aliyekuwa mwenyewe askari katika vita vile, na ambaye alisaidia kumtetea baba yake katika mahakama ya Nuremberg baada ya vita, alipolihutubia Bunge Mei 8, 1985, alisema wazi kwamba mtu aliyefungua macho na masikio hakuweza kukosa kutambua kuwa magari ya kuwahamisha watu yanapita. Lakini kujua ni jambo moja, na kuweza ni lingine. Wakumbuke Otto na Elise Hampel wa Berlin, mfanya kazi wa kiwandani na mkewe, watu wasiokuwa na elimu kubwa. Ndugu wa Elise alipouawa vitani mwaka 1940, walianza kuandika kadi za kuwaonya watu juu ya Hitler, wakaziacha katika ngazi za majumba, zaidi ya kadi 200 katika muda wa miaka miwili. Zilifaa nini? Karibu zote zilifikishwa kwa polisi, na wao wawili walikatwa vichwa Aprili 8, 1943, katika gereza la Plötzensee. Ni wangapi kati yetu wangeandika hata kadi moja?

BI ZUHURA: Mjomba, hapo umenipa hoja mkononi. Mimi simwulizi mtu kwa nini hakuwa Otto Hampel. Ushujaa haudaiwi mahakamani. Nawauliza wale waliozipata kadi. Kila mmoja wao alikuwa peke yake ngazini. Aliweza kuichana, kuitia motoni, au kuiacha ilipo akajifanya hakuiona, wala hapana ambaye angejua. Wakazichukua wakazipeleka. Katika kumbukumbu zote hizi tulizojaliwa kuzisoma, babu gani amemketisha mjukuu wake akamwambia: mimi ndiye niliyeiokota ile kadi? Wala si kweli kwamba maneno hayakuwa na uzito. Agosti 3, 1941, Askofu von Galen wa Münster alihubiri hadharani dhidi ya kuuawa kwa wagonjwa na vilema, ambao wapatao 70,000 walikwisha kuuawa kwa gesi. Mwezi huohuo Hitler akaamuru kazi ya vituo vya mauaji hayo isimamishwe, ijapokuwa mauaji yaliendelea kwa siri kwa njaa na sindano. Serikali ile iliwaogopa raia wake kuliko raia wanavyotaka kukumbuka. Lakini kwa ajili ya Mayahudi mahubiri kama yale yalikuwa haba mno.

MAALIM HAJI: Hilo ni zito, wala sina la kulijibu. Ila nataka uwafanyie insafu wazee katika jambo moja. Si wao peke yao waliopotosha. Harald Welzer na wenzake wawili walichapisha mwaka 2002 utafiti walioufanya katika familia 40 za Kijerumani, wakiwasikiliza wazee, watoto na wajukuu kila mmoja kwa zamu yake. Bibi mmoja alisimulia, bila haya wala kujificha, hila aliyoifanya baada ya vita asije akalazimishwa kuwapa nafasi nyumbani mwake watu waliotoka katika kambi ya Bergen-Belsen. Kisa hichohicho kilipofika kinywani mwa mjukuu wake, bibi alikuwa amekwisha kuwa mtu aliyewaficha waliokuwa wakisakwa. Bibi alisema kweli. Mapenzi ya mjukuu ndiyo yaliyosema uongo. Na kabla ya wajukuu kulikuwa na majirani: baada ya vita, mataifa yaliyoshinda yalipowataka watu kujaza fomu yenye maswali 131 juu ya yale waliyoyafanya, kila mtu alitafuta barua ya tazkia, jirani akamwandikia jirani, kasisi akamwandikia muumini, hata ikawa katika mtaa mzima hakuna aliyepata kuwa Nazi. Walisafishana. Yatupasa kumlaumu msikilizaji pamoja na msimulizi.

BI ZUHURA: Hapo sina ugomvi nawe.

SHEIKH NASSOR: Nami nina mtu mmoja wa kumwongeza, maana mmeongea kana kwamba sisi tu watazamaji. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, katika zama za Wajerumani, mtoto wa askari, naye mwenyewe alitumikia jeshi lao angali mtoto katika vita vya kwanza vya dunia. Alihamia Berlin, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu, na katika chuo kikuu aliwasaidia maprofesa kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii tunayoizungumza. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa na mahakama, na huko akafa Novemba 24, 1944. Aliishi zaidi ya miaka kumi kati ya hao watu wa kawaida. Aliwapelekea sahani, alisahihisha matamshi yao, alikuwa jirani katika ngazi. Kuna mengi ya kuulizwa juu ya kumbukumbu zao, lakini mimi ningeuliza moja tu: siku alipotoweka, waliuliza yuko wapi?

Hapo wasemaji wangu nawapumzisha, nitoe hukumu yangu. Nimezisoma simulizi za watu hawa kwa miaka mingi, na nimelia na baadhi yake, hasa za wale waliokuwa watoto Hamburg na Königsberg ya Prussia ya Mashariki. Sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa mtoto aliyekufa kwa moto ni mtoto aliyekufa kwa moto. Lakini naungana na Bi Zuhura: neno la kwamba hatukujua silikubali kwa aliyekuwa mtu mzima, na halifai kupokewa na mwandishi yeyote bila kuulizwa swali la pili. Swali la pili lisiwe la jumla, maana swali la jumla hujibiwa kwa jibu la jumla. Walter Kempowski, mwandishi wa Rostock aliyetumia umri wake kukusanya barua na shajara za watu wasiojulikana, alikuwa na tabia ya kuuliza jambo dogo na kuandika jibu kama lilivyo, ndivyo ifaavyo. Aulizwe mtu: asubuhi ya Novemba 10, 1938, ulipokwenda skuli ulipita njia gani? Duka la pembeni lilikuwa la nani kabla halijawa la mwingine? Meza mliyolia chakula ilitoka wapi? Askari wenu aliporudi likizo alisema nini, na nani alimwambia anyamaze?

Waliokuwa watu wazima mwaka 1933 karibu wote wamekwisha kufa. Walio hai ni waliokuwa watoto, nao wengi wamepita miaka tisini. Wewe msomaji uliye Berlin, Hamburg au Munich kwa masomo au kwa kazi, na ambaye jirani yako wa ghorofa ya chini ni mmoja wa wazee hao, mwamkie kwa heshima, kaa naye, umwulize mwaka huu.